Nguvu za kiume: Pima sukari kabla ya kununua dawa

Na Mwandishi wetu wa afya, Digodigo, Ngorongoro



Wanaume wengi wanaonijia kwa tatizo hili huanza kwa kusema wana rafiki yao. "Ustadhi, kuna rafiki yangu mmoja ana miaka kama arobaini na nane hivi, siku hizi mambo ya nyumbani yamemshinda, unaweza kumwandikia dawa gani?" Mimi humsikiliza habari za huyo rafiki mpaka mwisho, kisha humuuliza msemaji: rafiki yako anaamka kukojoa mara ngapi usiku? Jibu likija papo hapo, bila ya kwenda kumuuliza mwenyewe, ninakuwa nimeshamjua mgonjwa wangu.

Simcheki mtu huyo. Sayyidna Ali (RA) alikuwa akitokwa na madhii mara kwa mara, akaona haya kumuuliza Mtume (SAW) kwa kuwa alikuwa mkwewe, akamtuma Miqdad (RA) amuulizie. Hadithi hiyo ni sahihi na tuliisoma madrasa katika mlango wa tohara. Kutuma mtu si aibu. Lakini tuangalie swali lilipelekwa wapi: lilipelekwa kwa mwenye ilimu. Maswali ya wanaume wa leo yanapelekwa kwa muuza chupa stendi ya basi, na majibu yanarudi katika chupa.

Basi leo tulizungumze jambo hili waziwazi, kwa adabu, maana gazeti hili linasomwa na kina mama na watoto pia. Hoja yangu ni moja. Mwanamume wa miaka 40 mpaka 60 anayeona nguvu zake zimepungua, iwe chumbani au shambani, asinunue kitu chochote cha kuongeza nguvu kabla hajapima sukari, shinikizo la damu na kiuno chake. Kipimo cha sukari kinataka tone moja la damu ya kidole. Cha kiuno hakitaki hata mhudumu wa afya, kinataka tepu ya fundi cherehani tu.

Siku hizi neno testosteroni limeingia mitaani. Muuza dawa hakwambii tena kwamba umerogwa, anakwambia homoni zako zimeshuka. Ni kweli kwamba homoni hiyo ipo na ni kweli kwamba hushuka, ndiyo maana uongo unaofuata unaaminika. Homoni ni kemikali ambayo mwili huitengeneza sehemu moja ikasafiri na damu kwenda kufanya kazi sehemu nyingine. Testosteroni ya mwanamume hutengenezwa zaidi kwenye korodani, kwa amri inayotoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa kijana ndiyo inayoleta baleghe, sauti nzito na ndevu. Kwa mtu mzima ndiyo inayolinda misuli, mifupa, wingi wa damu na hamu ya tendo la ndoa. Kuanzia miaka ya thelathini hivi huanza kupungua taratibu, kwa wastani kama asilimia moja kwa mwaka. Haikatiki kwa ghafla kama hedhi inavyokatika kwa mama zetu. Wapo wazee wa miaka 70 ambao bado wanayo ya kutosha, na wapo wanaume wa miaka 42 ambao imeshuka sana, na hao wa pili aghalabu wana sababu nyingine isiyokuwa umri.

Ni wangapi hasa ambao tatizo lao ni homoni hiyo? Katika utafiti uliofanywa katika nchi nane za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2010, wanaume zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 79 walipimwa damu na kuulizwa kuhusu dalili zao. Waliokutwa na testosteroni ya chini pamoja na dalili zinazokwenda nayo walikuwa wawili tu kwa kila mia. Wawili! Na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye unene na wenye maradhi mengine. Sasa nenda stendi yoyote, simama kwa muuza chupa, uhesabu katika wateja mia moja ni wangapi ataowaambia homoni zao ziko salama.

Kuna hadithi aliyoipokea Usama bin Shariki (RA), nayo imo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi. Mabedui walimuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu wanapougua. Akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba kila maradhi Mwenyezi Mungu (SW) ameyajaalia dawa, akatoa kitu kimoja tu katika hayo: uzee. Mimi kila nikiikumbuka hadithi hii huona imetugusa sisi matabibu pande mbili. Upande mmoja kuna mtu anayeuchukua uzee akautafutia dawa, naye hupoteza fedha. Upande wa pili kuna mtu anayeyachukua maradhi akayaita uzee, akakaa nayo bila ya dawa. Huyu wa pili hupoteza zaidi ya fedha.

Naam, na mimi niliwahi kumfanya mtu awe huyo wa pili. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, katika kituo nisichokitaja, alinijia mzee mmoja wa miaka 52. Alikuwa mtu wa msikitini, mwenye heshima zake. Baada ya kuzunguka sana akasema kwamba tangu Ramadhani iliyopita hana tena uwezo kwa mkewe, na kwamba anachoka ovyo. Nikamwambia, "Mzee wangu, huo ni umri, si umeshakuwa babu sasa?" Tukacheka sote wawili, nikampa vitamini, akaenda zake. Sikumpima kitu. Baada ya mwaka na kitu alirudi na kidonda cha mguu. Alikuwa amekanyaga msumari uliotoboa kandambili, akatembea nao siku nzima bila ya kuusikia. Sukari yake ilikuwa juu ya 20. Vidole viwili vilikatwa. Mkewe ndiye aliyenikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba walikuja kwangu kabla. Mzee yule alikuwa ameshanieleza ugonjwa wake mapema, kwa namna wanaume wanavyoueleza, na mimi nikaufunika kwa mzaha.

Tueleze kwa nini sukari ianzie huko. Uume husimama kwa damu. Ubongo huamrisha kupitia mishipa ya fahamu, mishipa ya damu hutanuka, damu hujaa na kuzuiliwa. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu na ya damu yote miwili. Shinikizo la damu, sigara na mafuta mengi katika damu huikakamaza na kuiziba mishipa ya damu. Na mishipa ya sehemu hiyo ni myembamba kuliko ile inayolisha moyo, hivyo uchafu ule ule unaoziba taratibu huanza kuonekana kwenye ule mwembamba. Matabibu wa moyo wamelijua hili kwa muda mrefu: mwanamume anaweza kuanza kushindwa chumbani miaka miwili mpaka mitano kabla ya moyo wake kumpa maumivu ya kifua. Kwa maneno mengine, anapokuja na tatizo hili huwa amepewa muda. Akiutumia muda huo kununua mizizi, umekwenda.

Wala tusidhani kwamba haya ni maradhi ya watu wa Dar es Salaam. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu watu 26 katika kila mia wana shinikizo la juu la damu na 9 katika kila mia wana kisukari. Wengi katika hao hawakuwa wakijijua. Na utafiti uliofanywa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kwa wanaume wenye kisukari, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta zaidi ya nusu yao wana upungufu wa nguvu za kiume. Ukiuliza wangapi katika hao walikuwa wamemweleza daktari wao kabla ya kuulizwa, wewe mwenyewe unaijua haya ya wanaume wetu.

Na testosteroni yenyewe? Hiyo nayo hushushwa na kitambi. Mafuta ya tumboni si mzigo uliolala tu, yana kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa estrojeni, ambayo ndiyo homoni kubwa ya kike. Kadiri tumbo linavyokua ndivyo ubadilishaji huo unavyozidi, na sukari ikipanda huzidi kuharibu amri inayotoka ubongoni. Kwa hiyo muuza chupa anaweza kuwa amepatia kwamba homoni yako imeshuka, lakini hakukwambia kwamba aliyeishusha ni tumbo. Wanaume wenye unene waliopunguza uzito wamepimwa katika tafiti nyingi na testosteroni yao imepanda bila ya sindano wala unga. Kiuno cha mwanamume kikizidi sentimita 94, kikipimwa usawa wa kitovu na siyo chini ya tumbo pale inapofungwa shuka, ajue tumbo limeanza kumla.

Nataka niwapeleke jirani, maana kuna utafiti wa testosteroni uliofanywa hapa hapa kwetu na wengi hatuujui. Ukiteremka kutoka Karatu kwenda Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu, unafika Ziwa Eyasi, wanakoishi Wahadzabe wawindaji na Wadatoga wafugaji, ambao wengi huwaita Wamang'ati. Mwaka 2009 Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao walichapisha matokeo ya kupima testosteroni katika mate ya wanaume wa makabila hayo mawili. Kwa Wahadzabe, ambao baba hukaa na mtoto, humbeba na kulala karibu naye, wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao malezi ya mtoto mdogo ni kazi ya wanawake, tofauti hiyo haikuonekana. Miaka miwili baadaye, 2011, watafiti waliowafuatilia vijana wa mji wa Cebu, Ufilipino, kwa miaka kadhaa walithibitisha kwamba ni ubaba wenyewe unaoishusha: kijana aliyekuwa nayo nyingi alishuka baada ya kuoa na kupata mtoto, na aliyekuwa akimhudumia mtoto kwa saa nyingi alikuwa nayo chini zaidi.

Subhanallah! Muumba amejaalia mwili wa mwanamume upunguze homoni ya kushindana pale anapompakata mwanawe. Mtu huyo ukimpima utakuta namba ndogo, na hana ugonjwa wowote. Mhadzabe yule mwenye watoto bado anapanda kilima na upinde wake. Tumesoma kwa Bibi Aisha (RA) kwamba Mtume (SAW) akiwa nyumbani alikuwa katika kuwasaidia ahli zake, na tumesoma kwamba alimbeba mjukuu wake Umama hali ya kuwa anaswali. Baba anayeogopa kumshika mtoto mbele za watu kwa kulinda uanaume wake, sijui ameipata wapi sunna hiyo.

Vilevile hakuna namba moja ya dunia nzima ya kupimia uanaume. Mwaka 2002 walichapisha ulinganisho wa wanaume wa Marekani, Paraguay, Nepal na Walese wa msitu wa Ituri, Kongo. Vijana walitofautiana sana, na Wamarekani ndio waliokuwa juu. Walipofika miaka 45 hadi 60 walikuwa wamekaribiana.

Nirudi kwa Wahadzabe kidogo, kwani wana jingine la kutufunza. Walipofungwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ilionekana wanafanya kazi ya kuuchangamsha moyo kwa wastani wa saa mbili na robo kila siku, na wazee wao hawako nyuma sana ya vijana. Shinikizo la damu lilikuwa ni tatizo la wachache mno. Huku Digodigo nawaona wazee wa Kibatemi wakienda na majembe kwenye mifereji ya maji ya mashamba. Sisi Waislamu tulio huku tu wachache, na wengi wetu ni watu wa duka na watumishi. Tunakaa kwenye kiti tangu asubuhi, kutoka dukani mpaka msikitini tunapanda pikipiki, na usiku tunakula wali. Kisha anayekuja kuniuliza dawa ya nguvu ni mwenye duka. Mzee wa mfereji sijamwona akija kwa hilo, ingawa na yeye ana yake, ugoro na pombe ya asali vinamsumbua, na hayo tuyaache leo.

Na usingizi. Vijana kumi wenye afya walilazwa saa tano tu kwa usiku, kwa wiki moja, katika utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2011, na testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 mpaka 15. Kumbuka hao ni vijana. Mtume (SAW) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya swala ya Isha. Sisi baada ya Isha ndiyo tunafungua mpira wa Ulaya, tukimaliza mpira tunaingia kwenye simu, na Alfajiri inatukuta tumelala saa nne. Anayeamka tahajjudi, Allah amlipe, basi alale mapema na apate kailula mchana. Mtu anayekoroma mpaka pumzi inakatika, mkewe amlete hospitali, kwani huo nao ni ugonjwa na unashusha homoni na kupandisha shinikizo la damu kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye soko lenyewe. Hamu ya kutafuta dawa moja ya yote si ya leo. Mwaka 1889 daktari mkubwa wa Ufaransa, Brown-Séquard, akiwa na miaka 72, alijidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na panya wa maabara, akawatangazia wanazuoni wenzake kwamba ujana umemrudia. Leo tunajua kwamba maji yale hayakuwa na testosteroni ya kumfaa, zilikuwa ni furaha za moyo wake. Homoni yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka 1935. Sisi wa Digodigo hatuna haki ya kumcheka Mfaransa huyo. Mwaka 2011 nchi nzima na nchi jirani zilijua njia ya kuja Samunge, hapa jirani yetu, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mizizi ya mugariga. Walikuja wenye kisukari, wenye shinikizo la damu, wenye ukimwi, na Waislamu wakiwemo. Wapo waliofia kwenye foleni ya magari na wapo waliorudi makwao wakaacha dawa zao za hospitali. Mzee huyo alifariki mwaka 2021 na sina nia ya kumsema marehemu. Ninachosema ni kwamba anayeuza nguvu za kiume leo anauza kikombe kile kile, ila kwa bei kubwa zaidi na kwa siri.

Katika vikombe hivyo kuna hatari tatu ambazo msomaji azijue. Kwanza, unga au asali iliyoandikwa kuwa ni mitishamba mitupu. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimeshakamata bidhaa kama hizo zikiwa zimetiwa sildenafili, dawa ya kizungu yenyewe, bila ya kipimo kujulikana. Mtu mwenye maumivu ya moyo anayetumia vidonge vya nitreti akinywa unga huo, shinikizo lake linaweza kuporomoka akafa usiku huo huo. Sildenafili ya halali ipo na inafaa, lakini iandikwe na aliyekupima.

Pili, sindano za testosteroni. Hizi zina wenyewe, nao ni wale wawili katika mia niliowataja, na wale ambao korodani au tezi ya ubongo imeharibika. Kwa hao ni matibabu hasa. Lakini mwanamume ambaye bado anatafuta mtoto ajue kwamba homoni ikitoka nje, ubongo huziambia korodani zipumzike, na mbegu hupungua au hukatika. Shirika la Afya Duniani lilizifanyia sindano hizi majaribio ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yalichapishwa mwaka 1990 na 1996! Kuna mume wa mji mmoja alidungwa ili apate mtoto, na aliyemdunga akamwandalia kinyume chake kwa fedha zake mwenyewe. Majaribio makubwa ya mwaka 2023, ya wanaume zaidi ya 5,000 wenye testosteroni ya chini na maradhi ya moyo au hatari yake, yalitupa moyo kwamba dawa hiyo haikuongeza mshituko wa moyo wala kiharusi. Hata hivyo waliopewa walipata zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda kwenye mapafu na kuumia kwa figo. Si kitu cha kudungwa nyuma ya duka.

Tatu, na hii ndiyo ninayoiona sana, ni kuacha dawa za presha. Mume anasikia barazani kwamba dawa za presha zinamaliza uanaume, anaziacha kimyakimya, mke hajui, tabibu hajui. Tusimdanganye, baadhi ya dawa za zamani, kama propranololi, atenololi na zile za kukojosha, zinaweza kuleta tatizo hilo kwa baadhi ya watu. Lakini zipo nyingine, kama losatani na amlodipini, ambazo kwa wengi hazina shida hiyo. Kubadilishiwa ni kuomba tu. Na wakati mwingi presha yenyewe ndiyo iliyoharibu, dawa imesingiziwa. Mwanamume akisema "daktari, tangu nianze hizi sina raha nyumbani," sentensi moja tu, anaweza kujikinga na kiharusi.

Kuna jambo la tezi dume ambalo linagusa swala zetu. Tezi hii huishi kwa testosteroni, na huongezeka ukubwa kadiri mwanamume anavyozeeka. Tangu mwaka 1941 Charles Huggins alionesha kwamba saratani yake hunywea homoni hiyo ikiondolewa, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Ndiyo maana hakuna anayestahiki kupewa testosteroni kabla tezi dume yake haijachunguzwa. Tezi ikikua, mkojo hukawia kutoka, hukatika, na matone hubaki yakatoka mtu akishainuka. Wazee wetu wengi huona udhu haushiki, wakaanza kuacha jamaa, au wakaacha kunywa maji, ambalo ni kosa jingine. Ndugu yangu, kaa usubiri, usijikamue kwa nguvu, stanji vizuri. Anayetokwa mfululizo ana hukumu yake katika madhehebu yetu ya Shafi, ajisafishe na kuweka kitambaa, atawadhe baada ya wakati kuingia, kisha aswali, na sheikh wa msikiti wako atakufafanulia. Lakini baada ya sheikh uje na kwetu, kwa sababu kukojoa mara nyingi usiku huweza kuwa ni tezi na huweza kuwa ni sukari. Wazee wa zamani walikuwa wakiangalia kama sisimizi wanajaa pale walipokojoa. Tone la damu ni bora kuliko sisimizi.

Na kwa kuwa tumetaja udhu, mwenye kisukari ana neema ambayo wasioswali hawana. Mara tano kwa siku anaishika miguu yake. Aitazame basi, apitishe kidole katikati ya vidole, akaushe kwa kitambaa safi, aangalie unyayo kama kuna mkwaruzo. Mzee wangu yule wa msumari alikuwa akitawadha kila swala. Ila hakuna aliyemwambia atazame.

Kina mama, na nyinyi nina neno kwenu. Mume akikukwepa usikimbilie kudhani ana mwanamke nje, na usimwambie amekwisha. Mwanamume akishaambiwa hivyo na mkewe, kitakachofuata ni chupa ya stendi au mke wa pili wa kuthibitishia. Kuongeza mke ni halali yake kwa masharti yake, lakini hakushushi sukari, na nimeona waliokwenda na ugonjwa wao katika nyumba mpya wakaaibika mara mbili. Mwambie tu, "Baba fulani, twende tukapime wote presha." Wanaume wengi hukubali wakiambiwa "wote." Na mkono wako ndio unaopika: sukari ya chai, mafuta ya maandazi, sahani ya wali. Mtume (SAW) ametufundisha kuligawa tumbo theluthi tatu, chakula, kinywaji na pumzi. Futari zetu za Ramadhani pumzi hatuiachii nafasi.

Utaratibu wa kwenda ni huu. Njoo asubuhi kabla hujala, maana sukari ya kufunga ikifika 7 au zaidi, na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, hicho ni kisukari. Shinikizo likiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hilo ni shinikizo la juu. Kipimo cha testosteroni kinafanyika katika maabara kubwa za mijini, nacho kina masharti: damu itolewe asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kwa sababu jioni homoni hii hushuka kwa kila mtu, na kipimo kimoja hakitoshi, lazima kirudiwe. Anayekupima saa kumi alasiri na kukuuzia dawa saa kumi na nusu ameshakula fedha zako. Uulizwe pia kama bado unaamka asubuhi hali umesimama; usione haya kujibu, jibu hilo humsaidia tabibu kujua kama tatizo ni la mishipa au ni la mawazo na madeni, ambayo nayo yanamaliza wanaume.

Na kama umeshakunywa kitu, unga, asali, mizizi au vidonge vya bluu visivyo na jina, usikifiche. Kije pamoja na chupa yake au karatasi yake, hata kama kimebaki kidogo, tukione.